Kinyago Nacho Kihifadhiwe

Mwezi wa Julai, 2025, visiwa vya Bijagós vya Guinea-Bissau viliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wakazi wake wanastahili pongezi. Lakini vilivyotajwa humo ni bahari, mikoko, kasa na ndege, maana visiwa vimeandikwa kama urithi wa maumbile. Kinyago hakimo.

Sisi watu wa visiwani hatuna budi kulitazama jambo hili kwa makini, kwani huko Bijagós mnyama na kinyago chake havitenganiki. Mtoto wa kiume huanza kucheza na kinyago cha ndama au cha samaki. Apandapo rika hupewa ng'ombe wa kufugwa. Awapo kijana, kabla ya jando, huvaa wale wakali: fahali wa mwitu, kiboko, papa na papa upanga. Kile cha fahali ni kichwa kizima cha mti, chenye pembe za ng'ombe wa kweli, macho ya kioo na kamba puani. Mchezaji huinama, hupara ardhi, hurusha kichwa kama mnyama asiyeshikika. Hivyo kijiji kizima huona kwamba kijana ana nguvu, ila hajafundwa. Akishatoka jandoni, vinyago hivyo huwaachia wadogo zake.

Sasa papa upanga, ambaye hata wavuvi wa pwani yetu wanamjua, karibu ametoweka katika maji ya Afrika Magharibi kwa sababu ya nyavu. Ajabu ni kwamba umbo lake ndilo nembo ya benki itoayo faranga zinazotumika Guinea-Bissau tangu mwaka 1997. Atabaki kwenye noti, na kijana atamcheza mnyama asiyepata kumwona.

Maofisa wanaodhani kuwa mila ni ngoma ya kumlaki mgeni wakumbuke kisiwa cha Poilão. Kasa wake walilindwa na miiko ya wazee kabla hifadhi ya taifa haijaundwa mwaka 2000.

Kwa hiyo tunashauri kwamba kila mpango wa kuhifadhi visiwa hivyo uwaachie wazee wa rika kuamua siku na mahali pa ngoma, uwaruhusu wachongaji kupata mti wao msituni, na uzizuie nyavu zinazomnasa papa upanga. Watalii watapangiwa nafasi baada ya hapo, wazee wakiridhia.