Daftari la Wiki: Kabla ya Kadi, Fungua Kasha

Kompyuta nyingi zinazochezewa gemu Nyeri, Karatina na Nanyuki hazikuundwa kwa ajili ya gemu. Ni mashine za ofisi: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ziliandikiwa barua na kupigiwa hesabu ughaibuni kwa miaka kadhaa, zikaingia nchini kwa jina la ex-UK, zikauzwa upya Nairobi kwenye maduka ya Moi Avenue na Luthuli. Kutoka huko hadi Nyeri husafiri kilomita 150 hivi kwenye buti ya matatu, ndani ya katoni iliyozungushwa selotepu. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi akishaipokea, swali huwa ni lilelile: abadilishe nini kwanza ili GTA V iende bila kukwamakwama?

Jibu la vijiweni ni kadi ya grafiki, na ukibisha unaonekana mshamba. Daftari hili linabisha.

*

Tuchukue OptiPlex 9020, toleo la mwaka 2013, ile nyembamba. Ndani mna prosesa ya Core i5-4570 yenye viini vinne, RAM aina ya DDR3, na pawa saplai ya wati 255. Waya wa ziada wa kulisha kadi haumo. Kadi itakayoingia humo itaishi kwa umeme wa tundu lake peke yake, na kikomo cha tundu hilo ni wati 75. Kasha nalo lina masharti yake: kadi ya kimo cha kawaida haiingii, inatakiwa ile fupi yenye kibati cha nyuma kilichopunguzwa.

Atakayesema atanunua pawa saplai kubwa ayamalize hayo, na afungue kasha kwanza. Pawa saplai za madukani huja na plagi ya pini 24. Dell waliipa 9020 plagi yao wenyewe ya pini 8, na HP wakaipa EliteDesk 800 G1 yao ya pini 6. Bila adapta, pawa saplai mpya itafaa kuzuia mlango usijifunge.

Ndiyo maana kadi zinazozungumziwa sana na wenye mashine hizi ni zilezile: GT 1030, GTX 1050 Ti ya Oktoba 2016, na GTX 1650 ya mwaka 2019 katika matoleo yasiyohitaji waya. Hizo zinatosheka na umeme wa tundu. Hata hapo pana mtego. GT 1030 ya mwaka 2017 ilitoka na kumbukumbu ya GDDR5. Mwaka 2018 ikaletwa nyingine yenye DDR4, polepole kwa mbali, na jina halikubadilishwa. Mnunuzi asome maandishi madogo ya boksi, na kama boksi halipo, aulize mpaka muuzaji achoke.

*

Diski ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. SSD haiongezi fremu kwa sekunde, kwa hivyo haina cha kuringia mbele ya marafiki. Lakini mashine yenye diski ya zamani inayozunguka huchukua dakika nzima kuamka, na gemu yenye ramani kubwa hugandaganda kila mchezaji anapokata kona, kwa sababu majengo ya mtaa wa pili hayajasomwa bado. Cyberpunk 2077 ilipopata sasisho la 2.0 mnamo Septemba 2023, SSD iliingizwa kwenye masharti ya chini kabisa. Kwa 9020 iliyofika na diski yake ya asili, mwandishi huyu angeanzia hapo bila kusitasita, na pawa saplai ya wati 255 isingejua kama kuna kilichobadilika.

*

RAM ilikuwa ushauri rahisi hadi mwaka 2025. Vituo vikubwa vya akili mnemba vilianza kufagia chipu za kumbukumbu, bei ya DDR4 na DDR5 ikapaa mwishoni mwa mwaka huo, na tarehe 3 Desemba kampuni ya Micron ikatangaza kuachana na biashara ya Crucial, jina lililozoeleka na kila aliyewahi kujiongezea RAM mwenyewe. Mwenye mashine ya DDR4 apige hesabu upya kabla ya kutuma pesa. Mwenye DDR3 yuko soko jingine, la vijiti vinavyong'olewa kwenye mashine zilizokufa.

Jambo moja halijabadilika. Vijiti viwili vya GB 4 hushinda kimoja cha GB 8, maana prosesa huvisoma vyote kwa pamoja. Tofauti huonekana zaidi kwenye mashine isiyo na kadi, kwani grafiki za ndani ya prosesa hazina kumbukumbu yao; huazima kwenye RAM. GTA V yenyewe, toleo la awali, inapendekeza GB 8.

*

Kipimo hiki ni cha bure. Fungua gemu, punguza ubora wa picha hadi chini kabisa, kisha tazama idadi ya fremu. Zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo inayovuta mguu, na kadi mpya itakaa ikiisubiri. Counter-Strike 2 na Valorant huegemea sana prosesa, hivyo anayezicheza anaweza kununua kadi na asione cha maana.

Mpenzi wa kandanda naye asome masharti ya EA Sports FC 24: kadi ya chini ni GTX 1050 Ti, sawa, lakini prosesa ya chini ni Core i5-6600K. Ile i5-4570 imeachwa vizazi viwili nyuma. Huyo hahitaji kipuri. Anahitaji mashine nyingine.

*

Tangu Septemba 2022, sarafu ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, soko la mitumba limejaa kadi zilizokesha kazini miezi na miaka. Si zote mbovu. Feni na pesti ya joto ndivyo huchakaa mapema. Wabaya ni waliobandika jina la GTX 1050 Ti kwenye kadi ya kizazi cha GTS 450 na kubadilisha programu yake ya ndani ili Windows idanganyike. Programu ya bure ya GPU-Z, tangu toleo la mwaka 2018, huitambua kadi ya namna hiyo na kuiandika kuwa bandia. Anayelipia kipuri akiwa Kerugoya kabla hakijatoka Nairobi anauziwa mbuzi kwenye gunia. Angalau aombe picha ya skrini ya GPU-Z, yenye tarehe.

*

Baridi ya mlimani ni ruzuku. Chumba kikipoa, prosesa nayo hupoa karibu kwa kiasi kilekile, na Julai ya Nyeri hufanya kazi ambayo kijana wa Mombasa huilipia feni. Pesa za kipoozi ziende kwenye UPS. Stima ikikatika ghafla diski huumia, na ikirudi kwa kishindo pawa saplai ndiyo hupokea kipigo cha kwanza. Nanyuki, upande mkavu wa mlima, vumbi ni adui mkubwa kuliko joto. Brashi laini na pesti mpya ya prosesa ni matengenezo ya bei ya chini kuliko yote yaliyotajwa hapa.

*

Ndani ya chuo cha Dedan Kimathi ipo Semiconductor Technologies Limited, kampuni ya chipu. Rais William Ruto alipozuru Washington Mei 2024, serikali ya Marekani ilisema inataka Kenya inufaike na fedha za sheria yake ya CHIPS. Hata hivyo, chipu ya GTX 1050 Ti ilitengenezwa na Samsung kwa nanomita 14, na anayeitaka Nyeri bado anaisubiri stendi ya matatu.

*

Windows 10 iliachwa bila sasisho za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Valorant ikiwa juu ya Windows 11 inadai TPM 2.0 hiyohiyo pamoja na Secure Boot. Kwa mchezaji wa Valorant mwenye 9020, yenye prosesa ya kizazi cha nne, kila shilingi ya kipuri ni bora iwekwe akiba ya OptiPlex 7060 ya mwaka 2018, yenye viini sita ikiwa na i5-8500. SSD yake atahama nayo. Kadi fupi pia, ikiwa kasha jipya ni jembamba vilevile.

Na anayelalamika kwamba anapigwa risasi kabla ya kumwona adui, aangalie kwanza namba ya pingi, yaani muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi. Seva za Counter-Strike zilizo Afrika ziko Johannesburg, na hakuna kadi inayoifupisha njia ya kufika huko.