Pipa la Maji Moto Newala na Masasi

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba huenda wakastaajabu tukiandika leo juu ya kuchemsha maji ya kuoga, maana visiwani joto halijapata kuwa haba. Lakini aliyepata kulala Newala mwezi wa Juni au wa Julai, upepo wa kusi ukipanda ukingo wa uwanda wa Makonde, anajua kwamba maji ya alfajiri huko huuma vidole. Mzee anayetawadha, mama aliyejifungua jana, mtoto anayeogeshwa kabla ya kwenda shule, wote hutafuta moto kwanza. Masasi, chini kwenye majabali, baridi ni ndogo zaidi, lakini haja ni ile ile.

Swali tunaloulizwa na watumishi wanaojenga huko ni hili: nyumba ikiwa tayari ina tangi, mabomba, na pengine kichemshio kidogo cha umeme, je, yafaa kuongeza nyuma yake pipa kuukuu linalochemshwa kwa kuni? Baadhi ya maofisa hulicheka swali hilo. Sisi hatulicheki.

Chombo chenyewe si kigeni. Katika nyumba za maofisa wa kikoloni na za misheni, pipa la lita 200 lililazwa juu ya kuta mbili za matofali, moto ukawashwa chini yake, maji baridi yakaingia kwa chini na ya moto yakatokea kwa juu. Waingereza wakaliita boila la Tanganyika, jina ambalo nchi haikuliomba. Wapishi na watumishi waliolichochea alfajiri walikuwa wenyeji, nao hawakuoga maji yake.

Tufanye hesabu. Kuyatoa maji ya pipa zima kwenye baridi ya nyuzi 20 hadi nyuzi 60 kwahitaji umeme wa yuniti 9 na zaidi. Kwa kuni kavu, kama joto lote lingeingia majini, kilo 2 zingetosha. Lakini moto ulio wazi hupoteza sehemu kubwa ya joto lake, na mtu hujikuta amechoma kilo 10 au zaidi. Hapo ndipo siri ilipo. Pipa lililozungushiwa matofali na udongo, lenye mlango mdogo wa kuni na dohani ya kutolea moshi, hula kuni chache na maji hukaa na joto hadi jioni. Lililoachwa wazi uani ni mlafi. Kuni zenyewe, katika nchi ya korosho, zaweza kuwa matawi yanayokatwa wakati wa kupogoa mikorosho, yakaushwe vizuri, bila kugusa msitu. Maganda ya korosho yasitumiwe nyumbani, kwa kuwa mafuta yake huunguza ngozi na moshi wake ni mkali.

Bei ya pipa kuukuu ni ndogo, na hilo ndilo linalotutia wasiwasi. Eneo hili hutumia viuatilifu vya mikorosho kila msimu. Pipa lililowahi kubeba dawa halioshwi likawa safi, hata lichomwe moto mara ngapi. Mnunuzi huambiwa lilikuwa la mafuta ya kula, naye huamini kwa sababu hana la kufanya.

La pili ni bomba la kupumulia. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, na pipa jembamba la mafuta halikutengenezwa kuhimili nguvu hiyo. Kwa hiyo hapana budi bomba moja litoke juu ya pipa, lipande kupita usawa wa tangi la kulishia, libaki wazi daima, wala lisiwekwe koki. Tumewahi kuona, katika nyumba moja ya mtumishi, bomba hilo limezibwa kwa kitambaa ili maji yasimwagike. Tulikizibua kabla ya kusalimiana. Mabomba ya plastiki nayo yasiunganishwe karibu na moto. Yaanze ya chuma. Na mwenye kichemshio cha umeme asiungie pipa humo kwa kubahatisha, bali amwite fundi anayejua shinikizo la maji la kila kimoja.

Juu ya yote kuna maji. Mchanga wa uwanda wa Makonde humeza mvua, na kwa vizazi vingi akina mama walishuka bondeni kuchota na kupanda na ndoo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde ulianza katika miaka ya 1950, na hadi leo maji hupandishwa kwa mashine. Pipa linalovuja katika nchi kama hiyo ni israfu isiyosameheka.

Tunajua kwamba Serikali mwaka 2024 ilizindua mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Tunauunga mkono. Lakini mkakati huo ni wa jikoni, na mtu wa Newala hawezi kuoga ahadi ya miaka kumi. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982, imekuwa ikizalisha umeme Mtwara, na bado mama wa kijijini huchemsha maji ya mzazi juu ya mafiga matatu. Visiwani shauri letu ni tofauti: misitu ni michache, jua ni jingi, basi tangi jeusi juu ya paa litangulie.

Kwa Masasi na Newala, wahandisi wa halmashauri wakae na SIDO, shirika lililoundwa 1973 kwa kazi za namna hii, wachore ramani moja ya pipa salama na kuibandika kila penye mafundi wa kuchomelea, kabla ya Juni ijayo. Na wauza mapipa walazimishwe kuandika kwa rangi, juu ya kila pipa, kilichokuwamo.