Kazi za Mikono Nyumbani: Gasketi ya Kabureta

Mwezi huu nataka kuwaeleza habari ya kipande cha karatasi kisichofika upana wa kiganja, ambacho kilikaribia kunifarakanisha na jirani yangu.

Mimi nina kibustani cha nyanya huko Nduruma, chini ya mlima Meru. Wameru na Waarusha tangu zama za mababu zao hugawana maji ya mlima kwa mifereji na kwa zamu; lakini kiangazi kikikaza zamu huchelewa, na nyanya hazingoji. Basi nilimwendea jirani nikaazima pampu yake ya petroli kwa muda wa siku 5. Siku ya 3 pampu ikaanza kuvuma na kunywea, kuvuma na kunywea, kama mtu mwenye pumu, na haikukubali kwenda ila choki ikiwa imefungwa nusu. Nikaichukua mpaka mjini kwa fundi. Fundi akaitazama kwa muda usiotosha kunywa kikombe cha kahawa, akasema, "Maalim, kabureta imekwisha, nunua nyingine." Bei aliyoitaja ilipita posho yangu ya mwezi.

Nilirudi nayo nyumbani nikiwa na fikira nzito. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wasema ya kuwa mwenye kuazima ni mdhamini wa kile alichoazima, isipokuwa kilichochakaa kwa matumizi yale aliyoruhusiwa. Je, hii ilikuwa imechakaa kwa matumizi, au nimeiharibu mimi? Nikaona sharti kwanza nijue ugonjwa wenyewe.

Kabureta, kwa wasioijua, ni chombo kinachochanganya petroli na hewa. Hewa hupita katika koo lililobanwa katikati. Pale palipobanwa hewa hukaza mwendo na kani yake hupungua, na upungufu huo ndio unaovuta petroli kutoka katika kikombe kilichopo chini. Petroli kiasi cha gramu 1 yahitaji hewa ya gramu 14 au 15. Hesabu hii hufanywa na koo lile, wala hakuna mwingine wa kuifanya. Basi ikiwa kabureta haikukaza sawasawa pale inapoungana na injini, hewa nyingine huingia kwa mlango wa nyuma bila kuhesabiwa. Petroli yawa haba, injini yapata moto kupita kiasi na mwendo wake hauna utulivu. Kinachoziba mlango huo wa nyuma ni gasketi, nayo ni karatasi tu.

Hapa pana jambo la kuwatanabahisha ndugu zetu wa Arusha. Mji wetu upo kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Tanga au Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi. Mashine iliyopimiwa pwani ikija huku huwa na petroli ya kuzidi kidogo. Kwa hiyo gasketi ikianza kuvuja kidogo, kosa moja huficha lingine, na mwenye mashine hujiona yu salama mpaka karatasi ipasuke.

Namna ya kujua ni rahisi. Mashine ikiwa yaenda taratibu, chukua brashi ndogo, ichovye katika oili nzito, upake kidogo kidogo penye maungio ya kabureta. Sauti ikitulia mara oili inapogusa mahali fulani, hapo ndipo panapovuta hewa. Wako wanaonyunyiza petroli kwa kazi hii juu ya injini yenye moto. Wao na nyumba zao wamo hatarini.

Pampu nyingi za huku ni zile zenye injini ya Honda GX160 au zilizoigwa kutokana nayo. Kati ya kabureta na injini utakuta kipande cheusi kigumu kinachozuia moto usipande, na gasketi pande zake mbili. Usikiache nje kipande hicho hata kama mashine yaenda bila yake, maana petroli itachemka ndani ya kabureta. Wala usidhani gasketi zile mbili ni sawa. Aghalabu huachana kwa matundu, na mtoto wangu ndiye aliyeliona hilo kabla yangu, kwa sababu nilimwamuru avipange vitu juu ya kitambaa cheupe kwa utaratibu ule ule tuliovitoa.

Funga koki ya petroli, mwaga iliyomo, na uifanye kazi hii uwanjani mchana, mbali na jiko. Ondoa mabaki ya gasketi ya zamani kwa ukucha wa mti au kipande cha plastiki, usitumie bisibisi, kwa kuwa aluminiamu ni laini na mkwaruzo mmoja hufungua njia mpya ya hewa. Mashine ikiwa ya zamani sana, lowesha kwanza kwa oili kabla ya kukwangua. Gasketi za siku zile zilitiwa asibesto, na vumbi lake ni adui wa mapafu.

Karatasi ya gasketi huuzwa katika maduka ya spea kwa vipande, na kipande kimoja chatosha mashine nyingi. Chagua ya unene ule ule wa zamani. Kama gasketi ya zamani i nzima, iweke juu uchore. Kama imeraruka, paka uso wa chuma oili nyembamba ukandamize karatasi juu yake, na alama itabaki. Wengine hugongagonga kwa nyundo juu ya chuma mpaka karatasi ijikate; mimi sipendi, kwa sababu ile ile ya ulaini wa aluminiamu. Anza na matundu ya bolti kwanza, kwa kipande cha bomba jembamba kilichonolewa mdomo, ukipigia juu ya ubao. Kisha kata tundu la kati kwa wembe, lisiwe dogo kuliko koo la kabureta hata kidogo, na mwisho kata ukingo wa nje kwa mkasi. Kila tundu dogo lililokuwamo katika gasketi ya zamani liwemo katika mpya, hata kama huoni kazi yake. Unapofunga, kaza nati hii kidogo na ile kidogo, kwa zamu.

Boksi la biskuti laweza kukufikisha nyumbani siku moja, lakini hunywa petroli likalegea. Gundi ya silikoni haifai kabisa. Petroli huilainisha, na vipande vyake huingia katika vijitundu vya kabureta, ndipo kweli utakapohitaji nyingine.

Sasa nieleze kosa langu. Nilipofungua kikombe cha chini nilikuta pete yake ya mpira imekauka na kupasuka. Mimi, kwa kujiona nimekuwa fundi, nikakata pete kutoka katika tyubu ya baiskeli. Ilikaa vizuri mno nikafurahi. Baada ya siku 2 ikavimba kama dagaa waliorowekwa, ikatoka mahali pake, na petroli ikawa inadondoka chini ya pampu, kando ya bomba la moshi. Binti yangu wa miaka 9 ndiye aliyekuja kuniambia panaswa harufu. Alhamdulillahi, mashine ilikuwa haijawashwa. Mpira wa tyubu hauvumilii petroli. Watakiwa ule uliotengenezwa kwa ajili yake, na pete hiyo huuzwa dukani kwa bei ndogo sana. Nikainunua siku ile ile.

Pampu ikapiga kazi siku 2 bila kusita, nami nikairudisha. Njiani nafsi yaniambia: mashine ni nzima, hapana haja ya maneno, gasketi ilichakaa kwa matumizi, nawe umeitengeneza kwa fedha yako. Yote hayo ni kweli, lakini tyubu ile haikuwa matumizi aliyoniruhusu, na laiti ingewaka moto nisingekuwa na la kusema. Nikamweleza kila kitu, tangu siku nilipochelewa kuirudisha mpaka petroli iliyodondoka.

Alinyamaza kitambo. Kisha akaivuta kamba, pampu ikawaka kwa mvuto wa kwanza, akaisikiliza mpaka akaizima mwenyewe. Akauliza kama kile kipande cha karatasi kilichobaki chaweza kutosha kwa jenereta yake.