Sikoseli Si Laana ya Ukoo

Kuna maneno yananiudhi hapa Babati. Mtoto akigundulika ana sikoseli, utasikia: "Huo ni ugonjwa wa watu wa Ziwa na Pwani, sisi hatuna." Kisha mama ananyooshewa vidole, na ukoo wake wote unasemwa. Jamani, tulisoma ili iweje?

Maneno hayo yana ukweli nusu. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alizunguka nchi hiyo akipima damu za watu. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mtu 1 kati ya 5 alikuwa na kinasaba cha sikoseli. Nyanda za juu hawakufika hata 1 kati ya 100. Tofauti hiyo ilifuata mbu, haikufuata kabila. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi: anayekirithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haumwi, na malaria kali humpata kwa nadra.

Maana yake ni hii. Penye malaria nyingi, watoto wenye kinasaba hicho walipona, wakakua, wakazaa. Penye baridi na mbu wachache hakikuwa na faida, hivyo hakikuenea. Mazingira ndiyo yaliyochagua, vizazi kwa vizazi. Ni kinga, ila bei yake ni kubwa: anayekirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na sikoseli Tanzania kila mwaka.

Sasa tujiangalie. Babati ni njia panda. Mabasi ya Arusha, Singida na Dodoma yanapita hapa, watu wanahamia, wanaoana. Mbu anabaki bondeni, kinasaba kinapanda basi. Kusema "sisi hatuna" ni kujidanganya.

Na mama anaonewa bure. Mtoto haumwi mpaka baba naye atoe sehemu yake. Wazazi wote wawili wakiwa nacho, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 kupata mtoto mgonjwa.

Wachumba wengi siku hizi wanapima Ukimwi kabla ya ndoa. Kwa nini wasipime na hili? Na watoto wachanga wapimwe kila wilaya, hata huku kwetu kwenye malaria kidogo. Kabla ya kuuliza ukoo wa mkwe wako, kapime damu yako kwanza.