Wavuta Kamba Hawagawani Kamba

Wahenga walipolonga kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, hawakutaja idadi ya vidole vinavyotosha. Aghalabu methali hii hufasiriwa kuwa wito wa kuongeza watu. Ilhali hata vidole kumi, visipokutana mahali pamoja na kwa wakati mmoja, chawa huenda zake. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo la kazi za vikundi miongoni mwa wanafunzi wa Kiswahili vyuoni.

Utaratibu wake unajulikana. Mhadhiri hutoa swali kuhusu, tuseme, nafasi ya Sheng katika makuzi ya Kiswahili. Wanafunzi sita hukutana kwa dakika chache nje ya ukumbi wa mihadhara, wakagawana swali kama nyama ya mbuzi: huyu utangulizi, yule nadharia, mwingine hitimisho la mambo ambayo bado hayajajadiliwa. Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, vipande huunganishwa. Ukurasa wa tatu hudai kwamba Sheng inakiua Kiswahili. Ukurasa wa saba hudai kwamba inakirutubisha. Hakuna anayeshtuka, kwa kuwa hakuna aliyeisoma kazi nzima. Hizo ni kazi sita zilizobanwa kwa pini moja.

Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi (1934–2021) alitumia miaka mingi kuchunguza hali inayomfika mtu anapozama katika kazi hadi akasahau saa na nafsi yake. Hali hiyo, aliyoieleza kwa mapana katika kitabu chake cha mwaka 1990, yaweza kuitwa mtiririko. Huzuka pale lengo linapokuwa bayana, ugumu wa kazi unapolingana na ujuzi wa mtendaji, na matokeo ya kila hatua yanapoonekana papo hapo. Mwanafunzi wake, Keith Sawyer, ambaye pia ni mpiga piano wa jazi, alieleza jinsi kikundi kizima kinavyoweza kuingia katika hali hiyo. Alipowachunguza wanamuziki wa jazi na waigizaji wasiotumia miswada, alibaini kwamba siri haimo katika vipaji vya mmoja mmoja tu, bali katika kusikilizana kwa makini, kushiriki kwa usawa, kuzoeana, na kuliendeleza wazo lililotolewa na mwenzi.

Kwa msomi wa fasihi simulizi, hayo si mageni. Wanamaji walipoimba kimai na wakulima walipoimba wawe, wimbo haukuwa pambo la kazi; ulikuwa sehemu ya kazi yenyewe. Kiongozi alitoa kauli, wenzake wakaitikia, na mapigo ya wimbo yakazikutanisha nguvu zao. Vivyo hivyo, Eliud Kipchoge alipokimbia masafa ya marathoni kwa muda wa 1:59:40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, alisindikizwa na wakimbiaji wasaidizi 41 waliopokezana kwa makundi. Muda huo haukuidhinishwa kuwa rekodi rasmi, lakini funzo lake ni dhahiri: kila aliyeingia barabarani alilazimika kushika nafasi yake, na kasi ya takribani dakika 2 na sekunde 50 kwa kilomita, bila kumsonga mwenzake.

Wapo wanaoshikilia kwamba kugawana kazi huokoa wakati, na kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hoja hizo zina uzito, ila hazifiki mbali. Mgawanyo huokoa wakati wa kukutana, kisha huupoteza katika kusawazisha hoja zinazogongana. Nahodha naye hahitaji kuondolewa. Hata kimai kina kiongozi. Isitoshe, mgawanyo humficha mtegeaji, kwani uvivu wake hugunduliwa usiku wa mwisho. Penye kamba moja, mkono uliolegea hujulikana mara. Hatari ya kweli ni nyingine: raha ya kukubaliana yaweza kuzima hoja kinzani. Kwa hiyo kusikilizana kusichanganywe na kuitikia kila jambo. Tena yafaa kila mmoja asome peke yake kwanza, kwani asiyeujua wimbo hawezi kuuitikia.

Basi wanafunzi wa Kiswahili na wakae watu wanne au watano mbele ya matini moja, simu zikiwa zimezimwa, wabishane sentensi kwa sentensi hadi msimamo upatikane. Kikundi kisivunjwe kila baada ya zoezi, maana kuzoeana hakuji kwa siku moja. Wahadhiri nao waache kutuza unene wa karatasi. Wamwulize mwanakikundi yeyote kuhusu sehemu yoyote ya kazi, na jibu lake lihesabiwe kuwa la wote.

Tangu Katiba ya mwaka 2010 ikifanye Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini Kenya, taifa linawadai wahitimu wa lugha hii tafsiri za sheria, kamusi na vitabu vya shule, kazi ambazo ni nadra kukamilishwa na mtu mmoja. Wakizoea kubana vipande kwa pini vyuoni, atakayeumia ni mwananchi atakayeshika mkononi sheria ambayo kifungu chake cha kwanza hakielewani na cha pili.