Kutoa Kilichohesabiwa Mara Mbili

Kwa muda sasa baadhi ya walimu wenzangu wa hisabati wanashauri mada ya uwezekano katika Kidato cha Nne ipunguzwe: mwanafunzi ajue kujumlisha matukio yasiyoweza kutokea pamoja, na yale yanayoingiliana yaachiwe watakaoendelea na somo. Nimeipinga hoja hiyo vikaoni, na toleo hili la jarida nimeliandaa ili niipinge kwa maandishi. Matukio yanayoingiliana ndiyo kawaida ya maisha yetu. Yasiyokutana ni hali ya pekee, ambapo kilichohesabiwa mara mbili, kinachopaswa kutolewa, ni sifuri. Anayefundishwa hali hiyo ya pekee tu huondoka darasani akiamini kwamba kila uwezekano ni wa kujumlisha.

Makala ya kwanza inatoka kwa mwalimu wa kata ya Itiryo, Tarime. Tarakimu zake ni za kutunga kwa ajili ya darasa, lakini hali anayoieleza wanaijua wote wanaoijua nchi ya Wakuria. Tuseme kati ya kaya 100, kaya 70 zinalima mahindi na 50 zinafuga ng'ombe. Ni ngapi zinazofanya angalau kimojawapo? Anayejumlisha hupata 120, yaani kaya 20 zaidi ya zilizopo. Kosa hilo hujifichua lenyewe.

La hatari ni linalofuata. Mwanafunzi anayekumbuka kwamba kuna cha kutoa huzidisha 0.7 kwa 0.5, akapata kaya 35 zenye vyote viwili, kisha akaandika jibu: 85. Linapendeza machoni, lakini halina msingi. Kuzidisha hivyo kunaruhusiwa pale tu ambapo kulima mahindi hakuongezi wala hakupunguzi uwezekano wa kufuga. Tarime ng'ombe ndiye anayekokota plau, na samadi yake hurudi shambani. Nani ametuambia kwamba mambo hayo mawili hayahusiani? Kwa takwimu tulizopewa, la hakika ni moja: kaya zenye vyote viwili si chini ya 20 wala si zaidi ya 50. Kwa hiyo zenye angalau kimojawapo ni kati ya 70 na 100. Anayetaka kujua zaidi ya hapo aende akaziulize kaya. Ofisa anayepanga kupeleka mbegu na chanjo ya mifugo kwa safari moja anahitaji jibu hilo kabla gari halijaondoka.

Makala ya pili inahusu selimundu, ugonjwa ulioenea sana Kanda ya Ziwa. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kwamba mtu mwenye kinasaba kimoja cha selimundu hupata kinga dhidi ya malaria; ndiyo sababu kinasaba hicho kimezagaa kandokando ya Ziwa Victoria na pwani kuliko nyanda za juu. Baba na mama wakiwa wabebaji, uwezekano wa kila mtoto kuzaliwa na ugonjwa ni robo. Wazazi wengi husikia kwamba katika watoto wanne mmoja ataugua na watatu watapona, hivyo akishapatikana mgonjwa, waliobaki wamesalimika. Hesabu yao ni robo mara nne, wakapata hakika. Kwa watoto watano jumla hiyo ingefika asilimia 125!

Hapa kuzidisha kunafaa, kwa kuwa kila mimba hupokea vinasaba upya bila kujali iliyotangulia, mapacha wa kufanana wakiwekwa kando. Uwezekano wa wote wanne kukosa ugonjwa ni 81/256. Wa angalau mmoja kuupata ni 175/256, karibu asilimia 68. Na mtoto wa tano, hata baada ya kaka mgonjwa, ana robo ileile. Mzazi asiyeelezwa hivyo huamua kuhusu uzazi kwa hesabu isiyo sahihi, na sisi walimu tunahusika.

Mwanahisabati Pascal alimwandikia mwenzake Fermat jambo hilohilo mwaka 1654: katika kurusha kete mara nne, kupata sita angalau mara moja kuna nafasi 671 dhidi ya 625, wakati kujumlisha kungeahidi theluthi mbili. Makala ya tatu inaichambua barua hiyo vizuri. Ile ya nne, kuhusu mvua na mafuriko ya Mto Mara, inawafaa wanaofundisha jiografia pia.

Msimamo wangu ni kwamba mada hii ianze na kaya za Itiryo, kete na karata zifuate. Na kabla mwanafunzi hajashika kalamu, ajibu maswali mawili: matukio haya yanakutana wapi, na tumejuaje? Mtihani usiouliza la pili unapima kumbukumbu ya kanuni, na kanuni peke yake haimsaidii mzazi kliniki wala ofisa wa kilimo.