Pete ya buku mbili mnaikimbia, pete ya laki na nusu mnainunua!

Huku Mufindi baridi ni ile ile na chai inachumwa kama kawaida, ila leo sizungumzii bei ya majani. Nataka tuzungumzie pete.

Siku ya gulio hapa Igowole kuna machinga anatandika turubai lake chini: hereni, cheni, bangili, saa, mikanda. Pete zake ndizo zinavuta watu. Kuna ya fuvu, kuna ya nyoka anayejing'ata mkia, kuna ya nyota na ya jicho ndani ya pembetatu. Buku mbili tu, ukibembeleza unapewa kwa buku na mia tano. Pembeni ameegesha picha za ukutani: simba, maporomoko ya maji, Yesu, Makka. Juzi kijana mmoja alikuwa anajaribu ile ya jicho, mama mmoja akamdaka mkono. "Mwanangu weka chini hiyo, ni ya Freemason, ina agano!" Dogo akaidondosha kama kaa la moto. Machinga akacheka. "Agano gani mama, mzigo nimefunga Kariakoo huu."

Nilicheka na mimi. Baadaye nikakumbuka kuna mshikaji wangu, anabeba nguzo na mbao huko msituni, ambaye hawezi kuvaa pete ya fuvu hata umlipe, lakini mwezi uliopita alituma laki na nusu kwa simu kwa mtu asiyemjua ili atumiwe "pete ya utajiri". Hapo ndipo kicheko kikaisha.

Hebu tuanze na hao Freemason wanaotajwa kila kona. Chama kipo, na si siri kama watu wanavyodhani. Chama chao kikuu cha kwanza kiliundwa London mwaka 1717, na kwetu jengo lao lipo katikati ya jiji la Dar, watu wanapita nje yake kila siku. Marehemu Sir Andy Chande, aliyefariki 2017, alikuwa kiongozi wao wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi na hakuwa akijificha. Alama yao kubwa ni bikari na kile kipimo cha pembe cha fundi seremala, kwa sababu chimbuko lao wanalihusisha na mafundi waashi wa Ulaya. Na mwanachama ndiye anayelipa ada. Sasa wewe mtu anakutumia meseji "jiunge na Freemason upate milioni 50, tuma kwanza elfu 50 ya fomu", hata hujiulizi kwa nini mwenye milioni 50 anakosa elfu 50?

Lile jicho nalo lina safari yake. Wachoraji wa Kikristo Ulaya walilichora makanisani wakimaanisha Mungu anayeona yote. Marekani wakaliweka kwenye muhuri wa taifa lao mwaka 1782, likaingia kwenye noti ya dola moja mwaka 1935. Mtu wa huku kwetu akiliona kwenye dola anahitimisha kwamba hela ya Marekani imetokana na shetani. Na Voodoo tunaijua kwa sinema tu, mdoli na sindano basi. Kule Benin ni dini ya watu, ina sikukuu yake ya taifa kila Januari, na Haiti serikali iliitambua rasmi mwaka 2003. Sikwambii uifuate. Nakwambia mdoli wa sinema si darasa.

Ila mfano unaonivutia zaidi uko jirani, kwa wenzetu wanaoongea Kiswahili kule Lubumbashi, Kongo. Miaka ya 1970 ukiingia sebule za wafanyakazi wa migodini ungekuta mchoro wa Mamba Muntu umening'inia juu ya kochi. Ni mwanamke nusu samaki, nywele ndefu, mara nyingi na nyoka mwilini. Stori yake mtaani ilikuwa kwamba ukiokota kitana chake au unywele wake na ukatunza siri, anakutajirisha, ila kuna gharama utakuja kulipa. Watu waliuning'iniza kama sisi tunavyoning'iniza picha ya simba, kwa fahari na kwa stori. Baadaye makanisa ya kilokole yalipopata nguvu, mchoro ule ule ukageuka ushahidi kwamba nyumba ina pepo. Rangi zilikuwa zile zile, aliyebadilika ni mtazamaji. Na sura ya mama huyo wa nyoka, ambaye Afrika Magharibi anaitwa Mami Wata, inafuatiliwa hadi kwenye bango la maonyesho ya kucheza na nyoka lililochapwa Hamburg, Ujerumani, miaka ya 1880! Yaani tangazo la burudani ya Wazungu limevuka bahari likafika kwetu likawa jini.

Na sisi tumewauzia wao pia. Mnawajua Wamakonde. Kuanzia miaka ya 1950 mchongaji Samaki Likankoa ndiye anatajwa kuanzisha mtindo wa vinyago vinavyoitwa kabisa "shetani", jicho moja, mdomo umepinda, mguu haueleweki. Watalii wanavinunua na kuvipandisha ndege. Mzungu anaweka shetani letu la mpingo pembeni ya televisheni anakunywa kahawa, huku sisi tunakimbia kipande cha bati cha buku mbili.

Mtasema nadharau imani za watu. Hapana. Naogopa tunakopelekwa. Kenya mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume nzima kuchunguza ibada za shetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti ikawekwa hadharani 1999. Lakini huku nyanda za juu kusini tumeona mabaya kuliko ripoti. Mbozi, enzi hizo ikiwa bado Mbeya, watu waliuawa wakachunwa ngozi. Mwanzoni mwa 2019 Njombe, hapo tu ukishapita Makambako, watoto wadogo waliuawa na miili ikakutwa imekatwa viungo, na serikali yenyewe ikataja ushirikina wa kutafuta utajiri. Hakuna aliyeua kwa sababu alivaa hereni ya fuvu. Waliamini kuna kitu ukikipata kinazaa hela, na kuna mtu aliwahakikishia hivyo.

Mama wa gulioni na tapeli wa kwenye simu wanaamini, au wanajifanya kuamini, jambo moja: kwamba nguvu iko ndani ya pete. Mmoja anakutisha nayo, mwingine anakuuzia. Yule wa kwanza anamlimia shamba wa pili bila kujua, maana dogo aliyefundishwa kwamba pete ya bure bure inaweza kumharibia maisha, atashindwaje kuamini kuna pete ya kumtengenezea?

Sheria ipo, mjue. Sheria ya Uchawi waliitunga Waingereza mwaka 1928 na bado ipo vitabuni. Kujidai una nguvu za kichawi ni kosa, kumpa mtu kifaa cha uchawi ni kosa, na kumsingizia jirani uchawi kwa sababu ya picha aliyoweka sebuleni nalo ni kosa. Hizo meseji za kitapeli, namba iliyokutumia unaiwasilisha kwenda 15040, haina gharama ya kujieleza kwa mtu.

Mshikaji wangu nilimpa namba hiyo. Hakutuma. Pete haijafika mpaka leo, na jana usiku kanipigia anataka nimkopeshe elfu sitini amalizie "hela ya kafara", kwa sababu ameambiwa asipomalizia, pete itamgeukia mama yake. Anajua ninavyoandika mambo haya, amesoma hata nilizoandika zamani, na bado sauti ilikuwa inatetemeka. Sijamjibu. Wadau, nyie mngemwambia nini?